Lango la Jaa

Somo la kujifunza kwa mwezi huu. Yasomwe kwanza: Nehemia 2:11-18 na 3:1-14, Walawi 6:8-11, Yohana 6:5-13.



Sura ya tatu ya kitabu cha Nehemia ni mojawapo ya sura ambazo wengi wetu huziruka. Ni majina tu tangu mwanzo hata mwisho: fulani mwana wa fulani alijenga kipande hiki, na baada yake fulani akajenga kile. Msomaji wa zamu akipangiwa sura hii siku ya Jumapili humtazama mchungaji kwa macho ya kuomba huruma. Hata hivyo twawaomba mwezi huu mwisome yote, polepole, na mkifika mstari wa 14 msimame hapo. Mstari huo wataja lango la jaa, yaani lango ambalo takataka za Yerusalemu zilipitishwa kwenda kutupwa nje ya mji, na wamtaja mtu aliyelijenga: Malkiya mwana wa Rekabu. Huyu hakuwa mtumwa, wala kibarua wa siku moja. Alikuwa akida, mkuu wa mtaa wa Beth-hakeremu. Alilijenga, akasimamisha milango yake, akatia vyuma vyake vya kufungia, sawasawa na walivyofanya wenzake kwenye malango yenye sifa.

Rudini sasa mstari wa 5, muone wakuu wa Watekoi waliokataa kuinamisha shingo zao kwa kazi hiyo. Maandiko yameweka kumbukumbu ya wote wawili, aliyeinama na waliokataa.

Tumelichagua somo hili kwa sababu ya jambo lililo karibu nasi. Miji yetu ya mkoa wa Singida inakua. Anayekumbuka Manyoni, Itigi, Kiomboi au Singida Mjini ya miaka 30 iliyopita ajua kwamba takataka za wakati ule zilikuwa majivu, maganda na mabua, na kuku na mbuzi walizimaliza nusu yake kabla hazijafika shimoni. Takataka za leo hazililiki, ingawa ng'ombe hujaribu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imeziagiza serikali za mitaa zipange namna takataka zitakavyotenganishwa pale zinapotoka. Kwa hiyo shauri la halmashauri kujenga kituo cha kupokea takataka zinazofaa kutumiwa tena si shauri la Ulaya peke yake. Diwani yeyote aweza kulileta mbele ya mkutano wa mtaa, na siku litakapoletwa tutaulizwa maoni yetu kama wananchi wengine. Afadhali tuwe tumekwisha kulifikiri.

Kosa letu wenyewe

Tuanze nyumbani. Nyuma ya makanisa yetu mengi liko shimo. Baada ya Sikukuu ya Mavuno, au arusi, au kipaimara, tunafagia uwanja vizuri sana, maana sisi ni watu wa usafi, kisha tunatupa vyote shimoni pamoja: chupa za maji, maboksi, maganda ya ndizi, makopo ya soda, maua ya plastiki yaliyopamba meza. Jioni mtu anatia kiberiti. Moshi mweusi unavuka ua na kuingia katika nyumba za majirani, ambao wengine ni Waislamu, na wametuvumilia kuliko tulivyostahili. Plastiki ikichomwa kwa moto mdogo wa shimoni haiungui ikaisha. Hutoa sumu hewani na kuacha masizi, na mabaki yake hukaa udongoni. Vipande vya mabomba na vya nyaya za umeme ndivyo vibaya kupita vyote.

Kisichochomwa hupeperushwa. Upepo wa Singida hatuna haja ya kuuelezea kwa mwenyeji. Tangu tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku Tanzania Bara, na miti yetu ya miiba imepata nafuu kidogo. Lakini chupa za maji na soda hazikuwamo katika katazo hilo. Mvua za kwanza zikinyesha mwezi wa Novemba au Desemba, mitaro huyachukua yote na kuyapeleka bondeni. Nako bondeni kuna nini? Mji wa Singida umekaa kati ya maziwa mawili, Singidani na Kindai. Maziwa haya hayana mto unaotoka kwenda baharini. Maji huingia, nayo jua huyakausha, ndiyo maana yana chumvi. Mji ulio kando ya mto hukosea ukidhani uchafu wake umekwenda zake, kwa maana umewaendea watu wengine. Lakini sisi hatuna hata nafasi ya kukosea hivyo. Kinachoingia Singidani kinabaki Singidani, pamoja na wale ndege wekundu tunaowaonyesha wageni wetu kwa fahari.

Kituo chenyewe ni nini

Wengi wakisikia "kituo cha takataka" huona jalala. Ni lazima tutenganishe mambo haya mawili, kwa sababu ugomvi mwingi watokana na kuyachanganya. Jalala, au dampo, ni mahali pa kuacha. Kituo tunachokizungumza ni mahali pa kupitisha, kama ghala la chama cha ushirika lilivyo kwa alizeti: mali huingia, hupimwa, huandikwa, hukaa kidogo, kisha huondoka. Jengo lenyewe halihitaji makuu. Lahitaji sakafu ya saruji, ili uchafu usiingie ardhini, paa, kwa kuwa karatasi na boksi likilowa halina mnunuzi, kuta za wavu, zipitishe hewa lakini zisipitishe chupa zikakimbia na upepo, vizimba vya kutenga kila aina, mizani, daftari, maji ya kunawa na choo cha wafanyakazi, ndoo za mchanga na nafasi kati ya marundo, maana karatasi na plastiki vikishika moto pamoja ni vigumu kuzima, na mashine ya kushindilia, hata ya mkono, ifungayo marobota kama yale ya pamba. Pia ua na lango. Hilo lango tutalirudia.

Vitu vipokelewavyo vyajulikana. Chuma na bati. Makopo ya alumini ya soda, ambayo ndiyo yenye bei nzuri, kwa sababu kuyayeyusha kwahitaji kama sehemu 5 tu katika 100 za nishati ambayo ingetumika kutengeneza alumini mpya kutoka madini. Kilo moja ni makopo kama 70. Maboksi na karatasi kavu. Chupa za kioo. Tena plastiki, lakini si kila plastiki, na hapa twaomba kila mtu achukue chupa moja nyumbani aigeuze. Chini yake ataona pembetatu ndogo yenye namba. Namba 1 ni chupa za maji na soda. Namba 2 ni madumu na chupa nyingi za sabuni. Namba 5 ni ndoo nyingi na mabakuli. Hizi zote huitwa plastiki, lakini haziyeyushwi pamoja, kama vile hatusagi mtama na mawe tukasema vyote ni punje. Mama akifahamu namba hizo tatu amekwisha kuifanya nusu ya kazi ya kituo.

Yasiyopokelewa nayo yatajwe bila aibu: sindano na dawa, betri zilizovuja, makopo ya dawa za kuulia wadudu wa shambani, nepi za watoto, na mabaki ya chakula. Mabaki ya chakula na majani ndiyo yaliyo mengi; katika miji yetu ya Tanzania huwa zaidi ya nusu ya takataka zote za nyumbani. Hayo yakae nyumbani yawe mboji, au wapewe kuku. Wenye kuku wa Singida wanaotafutwa mpaka Dar es Salaam hawahitaji kufundishwa jambo hili. Lakini mabaki hayohayo yakichanganywa na karatasi ndani ya ndoo moja kwa siku mbili, karatasi imekwisha kazi yake, chupa inanuka, na mchambuaji anashika uozo kwa mikono.

Tena kituo kisinunue kila chuma kinacholetwa. Kibao cha barabarani, mfuniko wa mtaro, kipande cha reli ya Manyoni au Itigi, hivyo si takataka, ni mali iliyoibwa, na mpokeaji wake ni mshiriki wa mwizi. (Kengele za mitaa yetu mingi ni rimu ya gari iliyotundikwa mtini. Hiyo ni chuma chakavu kilichookoka, na tusingependa kukikuta mizani.)

Kwa kweli kazi hii si mpya kwetu. Kwa miaka mingi sisi sote tumerudisha chupa tupu za soda dukani, kreti kwa kreti, na hakuna aliyehitaji kuhubiriwa, kwa sababu asiyerudisha chupa alilipia. Na alizeti yetu twaijua: mafuta yanatoka, mashudu wanapewa ng'ombe, maganda yanatiwa motoni. Hatujawahi kuona Mnyaturu au Mnyiramba akitupa mashudu.

Hesabu isiyopendeza

Hapa twataka kusema jambo ambalo watu wa mikutano hawalisemi. Mara nyingi kituo cha namna hii huletwa kwa ahadi kwamba takataka ni mali, na kwamba kitajilipa chenyewe. Tuipime ahadi hiyo kwa mizani ya Singida.

Kilo moja ya chupa tupu za maji za nusu lita ni chupa kati ya 50 na 80. Viwanda vingi na wanunuzi wakubwa wako Dar es Salaam, ambako ni mwendo wa kilomita kama 700. Lori lililojazwa chupa zisizoshindiliwa hubeba hewa kwa kilomita zote hizo, na hewa haina mnunuzi. Ndiyo sababu ya ile mashine ya marobota; bila hiyo kituo chetu kitajaa katika mwezi mmoja na kugeuka kuwa jalala lenye paa. Hata na mashine, chuma na alumini vitalipa nauli yao, boksi na plastiki namba 1 na namba 2 pengine zitalipa, kioo ni vigumu. Kioo ni kizito, hakina bei, tena huvunjika. Kule Arusha iko karakana iitwayo Shanga, ambayo huyeyusha vioo vya chupa na kuvifanya bilauri na shanga, na wafanyakazi wake wengi ni watu wenye ulemavu. Ni kazi ya kusifiwa sana, lakini karakana moja haiwezi kumeza chupa za nchi nzima. Kwetu huenda kioo kikawa kitu cha kusagwa na kuchanganywa katika kokoto, au cha kutumiwa tena kwa asali na mafuta baada ya kuoshwa kwa maji ya moto, mradi isiwe chupa iliyotiwa dawa ya shambani.

Basi, ndugu, kituo hakitajilipa chenyewe. Tusidanganyike, na tusimdanganye Mkurugenzi. Lakini zahanati nayo hailipwi na wagonjwa wake, na hakuna anayesema ifungwe. Kituo ni huduma ya afya ya mji, na mauzo yake ni msaada wa kupunguza gharama. Halmashauri itakayokijenga kwa matumaini ya faida itamwondoa mlinzi mwaka wa pili ili kubana matumizi, na mlinzi akiondoka watu watatupa chochote usiku juu ya ua. Hapo ndipo majirani watakaposema, tuliwaambia.

Waliotutangulia

Hofu ya majirani si ya kudharauliwa. Ina historia mahakamani. Kwa miaka mingi Jiji la Dar es Salaam lilitupa takataka zake Tabata, katikati ya makazi ya watu, zikawaka moto na kutoa moshi mchana na usiku. Mwaka 1988 wakazi wa Tabata walikwenda Mahakama Kuu, nayo ikaamuru Jiji liache kutupa pale na litafute mahali pasipodhuru watu. Jiji likaomba muda, likaomba tena. Mwaka 1991 Jaji Lugakingira alikataa kuongeza muda, akaeleza kwamba hakuwahi kusikia mamlaka ya umma ikija mahakamani kuomba ruhusa ya kuchafua mazingira na kuhatarisha watu, na akaitaja ibara ya 14 ya Katiba yetu, inayolinda haki ya mtu kuishi. Mwaka huohuo wa 1991 wakazi wa Kunduchi Mtongani nao walishitaki, wakashinda. Miaka iliyofuata takataka zilihamia Vingunguti, kisha Mtoni, kisha Pugu Kinyamwezi. Twaona katika habari hii ushindi wa wanyonge, na twamshukuru Mungu kwa huo. Lakini twaona pia kwamba mzigo ulihamishwa tu kutoka mlango wa jirani mmoja hadi mlango wa mwingine, kwa kuwa takataka zenyewe hazikupunguzwa wala kuchambuliwa.

Na mahali ambapo mzigo haukuhamishwa, uliangukia watu. Tarehe 10 Agosti 2024, baada ya mvua kubwa, lundo la takataka la Kiteezi huko Kampala, lililoanza kutumika mwaka 1996, liliporomoka juu ya nyumba zilizokuwa chini yake. Watu zaidi ya 30 walifariki. Lundo letu la Singida si mlima kama ule. Wala la Kiteezi halikuwa mlima mwaka 1996.

Upo mfano mwingine mwema zaidi, hapa hapa Tanzania. Katika kata ya Bonyokwa, Dar es Salaam, shirika la Nipe Fagio lilisaidia kuanzisha utaratibu ambao kila nyumba hutenga takataka zake: zinazooza, zinazorejelezwa, na masalia. Watu wa ushirika wao huzipitia nyumba kwa nyumba na kuzipeleka kwenye kituo cha kata. Huko zinazooza zinageuzwa mbolea, zinazofaa zinauzwa, na dampo hupelekewa masalia peke yake. Angalieni kwamba jengo halikutangulia. Kazi ya kwanza ilifanyika jikoni mwa watu, mlango kwa mlango, kwa maneno mengi na uvumilivu mwingi.

Hili la mlango kwa mlango lina mafunzo makubwa kule Misri, tena kwa ndugu zetu katika imani. Chini ya mlima wa Mokattam mjini Kairo wanakaa watu waitwao kwa Kiarabu zabbaleen, yaani watu wa takataka, na walio wengi ni Wakristo wa Kanisa la Koptiki. Tangu miaka ya 1940 babu zao walihamia mjini kutoka kusini mwa nchi kwa sababu ya umaskini, wakawa wanapanda ngazi za maghorofa kuchukua takataka mlangoni, wakazichambua majumbani mwao kwa mkono, na mabaki ya chakula wakawapa nguruwe. Inakadiriwa kwamba waliweza kurejeleza mpaka sehemu 80 katika 100 ya walichokusanya, kiasi ambacho miji mingi ya matajiri haijakifikia. Mwaka 2003 serikali ilizipa kampuni za kigeni mikataba ya kusafisha mji. Kampuni ziliweka mapipa barabarani, zikawataka wananchi washushe takataka wenyewe. Wengi hawakuzoea kushuka. Mapipa mengine yaliibwa, mengine yakafurika. Mwaka 2009, kwa hofu ya ugonjwa wa mafua, serikali iliamuru nguruwe wote wachinjwe, na mabaki ya chakula yakaoza mitaani, kwa maana wale waliokuwa wakiyala hawakuwapo tena. Watu wa Mokattam wangali wapo, na kanisa lao lililochongwa ndani ya mwamba huchukua maelfu ya waumini. Sisi tunaokaa katikati ya miamba ya Singida tungefurahi kuliona.

Twajifunza nini hapo? Kwanza, kituo kilicho mbali na mlango wa mtu ni kituo kisichotembelewa. Mama wa Unyamikumbi hatabeba chupa kilomita tatu juani kwa ajili ya kumfurahisha Bwana Afya. Kituo kikijengwa mahali pamoja, sharti pawepo na mikokoteni au guta za kupita mitaani kwa siku zinazojulikana. Pili, kabla ya kuleta watu wapya, tuwaulize wale ambao wamekuwa wakiifanya kazi hii siku zote.

Nasi tunao. Mnawajua wale wanaopita alfajiri na kiroba begani, wakifunua mapipa. Tunawaita waokota makopo, na sauti tunayotumia si sauti ya heshima. Baadhi ni akina mama wajane. Wengine ni watoto, na hapa hatuwezi kunyamaza: Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza mtoto kufanyishwa kazi ya hatari, na kuchambua vioo na sindano kwa mikono mitupu ni hatari hata kwa mtu mzima. Kituo kizuri ni kile ambacho mtu mzima aliyekuwa akiokota anapata glavu, viatu vya mpira, chanjo ya pepopunda na ujira wa kuandikwa daftarini, na mtoto aliyekuwa naye anarudishwa shule. Kituo kinachonunua kwa mtoto mlangoni bila kumwuliza kwa nini hayuko darasani, hata kikipakwa rangi nzuri, hatukitaki.

Sasa fungueni Walawi 6. Kuhani anavaa kitani, anayazoa majivu ya madhabahu mwenyewe, anayaweka kando. Kisha anavua mavazi hayo, anavaa mengine, anayachukua majivu nje ya kambi mpaka mahali palipo safi. Tumezisoma aya hizi mara nyingi bila kuona mambo matatu: kwamba mwenye kutoa majivu ni kuhani, si mtu aliyekodiwa, kwamba anazo nguo za kazi, na kwamba mahali pa kuyapeleka panatakiwa pawe safi. Na katika Yohana 6, baada ya watu kushiba, Bwana anawatuma wanafunzi wakusanye vipande vilivyobaki ili kisipotee kitu. Walivikusanya palepale nyasini, vingali vizuri, kabla havijakanyagwa. Wangengoja mpaka asubuhi wasingepata vikapu 12 vya mkate. Wangepata vikapu 12 vya uchafu.

Wapo watakaosema kwamba Kanisa lina kazi ya roho, na takataka ni za Bwana Afya. Ushirika wetu wa Anglikana duniani ulijibu neno hili zamani. Alama za Utume zilipoandikwa mwaka 1984 zilikuwa nne. Mwaka 1990 ikaongezwa ya tano, kwamba tujitahidi kuulinda uumbaji na kuihuisha dunia. Imekuwa katika mafundisho yetu kwa muda mrefu kuliko umri wa vijana wetu wa kwaya.

Yanayowezekana parishini

Hatuna haja ya kungoja halmashauri ipate fedha. Shimo la nyuma ya kanisa laweza kufungwa kwa moto kuanzia Jumapili ijayo. Likabaki la majani na maganda tu, likawa mboji ya miche yetu. Viroba vitatu vyaweza kutundikwa kwenye kibanda kila siku ya sherehe: kimoja cha chupa, kimoja cha makopo, kimoja cha karatasi. Umoja wa Akina Mama waweza kuchukua zamu ya kwanza, na wanaume wa halmashauri ya parishi zamu ya pili, ili isionekane ni kazi ya wanawake. Mnunuzi wa vyuma chakavu yupo karibu kila mji wa mkoa huu, na aweza kuulizwa bei kabla ya kukusanya, si baada. Katika miezi sita tutakuwa na daftari lenye kilo halisi, na siku ya mkutano wa mtaa daftari hilo litasema vizuri kuliko sisi.

Nehemia naye alifanya hivyo. Kabla hajasema neno kwa wakuu alitoka usiku na watu wachache, akapita lango la bondeni mpaka lango la jaa, akakagua kuta zilizobomoka. Ndipo alipoita mkutano.

Kwa vikundi vya nyumbani tunaacha maswali haya, na tunaomba majibu yaletwe kwa katibu wa parishi. Takataka za nyumba yako za wiki iliyopita ziko wapi leo, na nani alizibeba? Kama kituo kingejengwa karibu na nyumba yako, ungeweka masharti gani kabla ya kukubali, na je, masharti hayo ungeyadai pia kama kingejengwa karibu na nyumba ya mtu mwingine? Katika parishi yetu, nani ni Malkiya, na nani ni wakuu wa Watekoi? (Msitaje majina kwa sauti.) Na swali la mwisho, ambalo halmashauri itatuuliza kwa hakika: lango la kituo litafunguliwa saa ngapi, litafungwa saa ngapi, na ufunguo utakaa kwa nani wakati wa masika?